Simu ikiganda ukifungua tovuti: tatizo ni mtandao, ni simu au ni ukurasa wenyewe?

Kijana aliyemaliza kidato cha sita yuko Kaisho, wilayani Kyerwa, anajaza fomu ya mkopo wa elimu ya juu kwenye simu. Amefika ukurasa wa tatu. Anatoka kidogo kwenda kusoma ujumbe ulioingia wenye namba ya kumbukumbu ya malipo. Akirudi, anakuta ukurasa unajifungua upya na fomu iko tupu. Anaamini mtandao umemwangusha, ananunua bando jingine, anaanza tena, na yanamkuta yale yale.

Mfano huu wengi wataufahamu, iwe kwenye maombi ya mkopo, maombi ya ajira serikalini, kutafuta matokeo ya mtihani au kuangalia bei ya mnada wa kahawa. Siku hizi huduma nyingi zimehamia kwenye tovuti, na kwa watu wengi wa Karagwe na Kyerwa kompyuta pekee iliyopo nyumbani ni simu ya mkononi. Simu hiyo ikigoma, mtu hupoteza siku, nauli ya kwenda Kayanga au Nkwenda, na wakati mwingine nafasi yenyewe.

Katika makala haya tunaeleza kwa nini kurasa zinachelewa au kuganda, na jinsi ya kutambua kinachokwama kabla hujatoa fedha. Bando jipya haliwezi kuponya simu iliyojaa, na simu mpya haiwezi kuponya mtandao dhaifu.

Kivinjari kinafanya kazi gani?

Kivinjari ni programu inayokufungulia tovuti. Kinachojulikana zaidi kwenye simu za Android ni Chrome, lakini vipo pia Opera Mini, Firefox na Samsung Internet. Watu wengi husema tu "ingia Google", ingawa Google ni tovuti ya kutafutia na kivinjari ni chombo cha kuifikia.

Ukigusa anwani ya tovuti, kivinjari huanza kwa kutafuta seva ya tovuti hiyo ilipo. Kisha huiomba ukurasa. Seva huleta mafaili: maandishi, picha, maelezo ya rangi na mpangilio, pamoja na maelekezo ya kazi yaliyoandikwa kwa lugha ya JavaScript. Mwishowe kivinjari husoma maelekezo hayo, hupanga kila kitu mahali pake na kukuchorea ukurasa kwenye kioo.

Hatua za mwanzo zinategemea mtandao na seva. Hatua ya mwisho inafanywa na simu yako yenyewe, kwa nguvu zake yenyewe. Ndiyo maana watu wawili wanaweza kukaa benchi moja, wakitumia laini za kampuni moja, mmoja akasoma na mwingine akabaki anaangalia duara linazunguka.

Kurasa zimenenepa

Miaka ya nyuma ukurasa wa tovuti ulikuwa maandishi na picha chache. Leo una video zinazojicheza, matangazo, ramani, na maelekezo mengi ya JavaScript ambayo msomaji hayaoni. Vipimo vinavyofanywa kila mwaka kwa mamilioni ya tovuti duniani vinaonyesha kwamba mwaka 2012 ukurasa wa kawaida kwenye simu ulikuwa na uzito wa chini ya nusu MB. Kufikia mwaka 2022 ulikuwa kama MB 2. Hiyo ni ya katikati. Nyingi zina uzito zaidi ya huo.

Tufanye hesabu. MB 2 ni sawa na megabiti 16. Kwenye mtandao wa 2G unaopeleka kilobiti 100 kwa sekunde, ukurasa huo utachukua sekunde 160, karibu dakika tatu. Kwenye 3G ya megabiti 1 kwa sekunde, utachukua sekunde 16. Kwenye 4G ya megabiti 10 kwa sekunde, hautafika sekunde 2. Ukurasa ni ule ule na bando ni lile lile. Kilichobadilika ni njia unayopita.

Picha zinaongeza uzito, lakini kwa simu ndogo mzigo mbaya zaidi ni JavaScript. Picha ikishapakuliwa, simu inaionyesha tu. JavaScript ikishapakuliwa, simu inapaswa kuisoma na kuitekeleza, mstari baada ya mstari. Prosesa dhaifu ikipewa kazi hiyo hulemewa: unagusa kitufe na hakuna kinachotokea, unagusa tena, kisha ghafla miguso yote inaitikiwa kwa pamoja na unajikuta ukurasa usioutaka.

Mtandao wa kwenye vilima na mipakani

Ardhi ya wilaya zetu ni ya vilima na mabonde, na mawimbi ya simu hayapiti ndani ya kilima. Kijiji kilicho juu kinaweza kuuona mnara vizuri, na migomba ya bondeni hatua chache tu chini ikabaki kivulini. Ndiyo maana mtu anapanda juu kidogo kutafuta mtandao, na hakosei.

Ukiangalia juu ya kioo cha simu utaona herufi karibu na alama ya mtandao. E maana yake uko kwenye 2G. H au 3G ni hatua ya juu yake, na 4G ni bora zaidi. Vijiti vinne kando ya herufi E bado ni mtandao wa polepole. Vijiti vinaonyesha nguvu ya mawimbi na herufi inaonyesha upana wa njia, kwa hiyo soma vyote viwili.

Serikali imekuwa ikipeleka minara vijijini kupitia Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote, UCSAF. Mwezi Mei 2023 ilisainiwa mikataba na kampuni za simu ya kujenga minara 758 katika maeneo mbalimbali ya nchi. Hata hivyo mnara mmoja unagawanywa na wote walio karibu nao. Jioni, watu wakitoka shambani na kazini na kuwasha data kwa pamoja, kila mmoja anapata sehemu ndogo. Ukurasa uliogoma saa mbili usiku unaweza kufunguka bila shida saa kumi na moja alfajiri.

Wakazi wa mipakani wana jambo jingine la kuangalia. Ukiwa Murongo, ng'ambo ya mto Kagera ni Kikagati, Uganda. Upande wa magharibi mto huo huo unatutenganisha na Rwanda. Simu inaweza kunasa mnara wa nchi jirani kwa sababu mawimbi yake yana nguvu zaidi mahali ulipo. Hapo data inaweza kukatika kabisa, au ikatozwa gharama za nje ya nchi. Ingia kwenye mipangilio ya mtandao wa simu, zima matumizi ya data nje ya nchi, kisha chagua kampuni yako kwa mkono badala ya kuiachia simu ichague.

Kuna nyakati tatizo liko mbali sana na Kagera. Sehemu kubwa ya mawasiliano yetu na tovuti za nje hupita kwenye nyaya zilizolazwa chini ya bahari. SEACOM ilifika Dar es Salaam mwaka 2009 na EASSy ikaanza kazi mwaka 2010. Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024 nyaya hizo mbili zilipata hitilafu kwa wakati mmoja, na intaneti ikadorora Tanzania na nchi nyingine za Afrika Mashariki kwa siku kadhaa. Siku kama hiyo hakuna unachoweza kurekebisha kwenye simu. Dalili yake ni kwamba watu wote wanalalamika, wa mjini na wa kijijini, wenye simu nzuri na wenye simu duni.

RAM ni mkeka wa kuanikia, hifadhi ni ghala

Turudi kwa kijana aliyepoteza fomu. Mtandao wake huenda ulikuwa mzima. Kilichomponza ni kumbukumbu ya simu.

Simu ina sehemu mbili za kuwekea vitu, na wengi huzichanganya. Ya kwanza ni hifadhi, kule zinakokaa picha, video, nyimbo na programu hata simu ikizimwa. Dukani utaambiwa ni GB 16, 32 au 64. Ya pili ni RAM, kumbukumbu ya kufanyia kazi. Hii hushika kile kinachotumika kwa wakati huo tu, na kwenye simu za bei nafuu huwa GB 1, 2, 3 au 4.

Mkulima wa kahawa ataelewa upesi. Hifadhi ni ghala na RAM ni mkeka wa kuanikia. Hata ukiwa na ghala kubwa, kama mkeka ni mmoja utaanika kinachotosha mkekani. Likija debe jingine na mkeka umejaa, lazima uondoe kahawa iliyotangulia.

Android inafanya hivyo hivyo, na haikuombi ruhusa. RAM ikijaa, inaangalia programu isiyokuwa mbele ya macho yako na kuifunga kimyakimya. Ukitoka kwenye kivinjari kwenda kusoma ujumbe au kupiga picha ya cheti, kivinjari kinakuwa nyuma, na ndicho kitakachoondolewa mkekani. Ukirudi, kinakumbuka anwani ya ukurasa lakini ukurasa wenyewe hakina tena, kwa hiyo kinaupakua upya. Maneno uliyokuwa umeandika kwenye visanduku mara nyingi hayarudi. Na kupakua upya kunakula MB, kwa hiyo umelipia ukurasa mmoja mara mbili.

Simu yenye RAM ya GB 1 huwa imeshatumia zaidi ya nusu yake kwa ajili ya mfumo wenyewe kabla hujafungua chochote. Google ilitambua hilo, na mwishoni mwa mwaka 2017 ikatoa Android Go kwa ajili ya simu zenye GB 1 au pungufu. Ilipofika Android 13, kiwango cha chini cha toleo hilo la Go kilipanda hadi GB 2. Maana yake ni kwamba hata programu zilizotengenezwa kuwa nyepesi zimeongezeka uzito.

Hali ni ngumu zaidi kwa simu za vitufe zenye intaneti, zile zilizoingia nchini mwaka 2019 kwa majina kama Smart Kitochi zikitumia mfumo wa KaiOS. Simu za aina hiyo huwa na RAM ya MB 256 au 512. Zinafaa kwa ujumbe na habari fupi, lakini usitegemee kuzitumia kujaza fomu ndefu yenye kupakia picha na vyeti.

Neno moja kwa anayetaka kununua simu. Ukiona boksi limeandikwa RAM "4+4", simu hiyo ina GB 4 za RAM halisi. Nne za pili ni sehemu ya hifadhi inayotumiwa kama RAM, na ni ya polepole zaidi. Inasaidia kidogo programu zisifungwe haraka, lakini haiifanyi simu iwe ya GB 8.

Simu ya zamani na programu iliyopitwa na wakati

Kivinjari kisichosasishwa nacho kinaleta matatizo. Tovuti mpya zinaandikwa kwa kutegemea uwezo ambao matoleo ya zamani hayana, kwa hiyo vitufe havibonyezeki au ukurasa unabaki mweupe. Chrome toleo la 139, lililotoka Agosti 2025, halikubali simu zenye Android 8 na 9. Inatakiwa Android 10 au zaidi. Simu za namna hiyo hazikuzimika siku hiyo. Chrome yake inaendelea kufungua tovuti, lakini haipati marekebisho mapya, na kadiri miaka inavyokwenda kurasa zitakazogoma zitaongezeka.

Wakati mwingine mambo huwa kinyume, toleo jipya likawa ndilo lenye hitilafu. Machi 2021 watumiaji wa Android katika nchi nyingi walishangaa kuona programu zao, ikiwemo Gmail, zinajifunga zenyewe. Chanzo kilikuwa toleo bovu la Android System WebView, kipande cha kivinjari ambacho programu nyingine hukiazima kuonyesha kurasa ndani yake. Dawa ilikuwa kusasisha kipande hicho na Chrome kupitia Play Store. Kwa hiyo programu kadhaa zikianza kujifunga kwa siku moja, usikimbilie kwa fundi kabla hujaangalia masasisho ya vitu hivyo viwili.

Angalia pia tarehe na saa. Simu iliyoisha chaji kabisa au iliyotolewa betri inaweza kuamka na tarehe ya miaka iliyopita. Tovuti salama zina vyeti vyenye muda maalumu, na kivinjari hulinganisha vyeti hivyo na tarehe ya simu. Tarehe ikiwa si sahihi, utaambiwa muunganisho si salama karibu kwa kila tovuti. Weka tarehe ijipange yenyewe kutoka kwenye mtandao.

Pima kabla ya kununua

Vipimo hivi vinne havihitaji fundi wala programu maalumu.

Kwanza, soma herufi ya mtandao. Ikiwa ni E, una jibu la awali: njia ni nyembamba. Sogea mahali pa juu au pa wazi, au subiri saa ambayo watu ni wachache.

Pili, linganisha ukurasa mwepesi na mzito. Kurasa za matokeo ya NECTA za miaka iliyopita ni mfano mzuri wa kurasa nyepesi, kwa sababu ni majedwali ya maandishi. Ikiwa ukurasa huo unafunguka upesi na tovuti yenye picha nyingi inakwama, mtandao wako si mbaya kiasi hicho. Lawama ziende kwenye uzito wa ukurasa au nguvu ya simu. Lakini usifanye kipimo hiki siku matokeo mapya yanapotangazwa. Siku hiyo watu wa nchi nzima wanagonga mlango mmoja kwa wakati mmoja na foleni iko kwenye seva. Kusubiri saa chache kunasaidia kuliko kuongeza bando.

Tatu, fungua ukurasa mrefu hadi uishe kupakuliwa, kisha zima data. Usome kwa kuupandisha na kuushusha kwa kidole. Ukisitasita na kuganda wakati data imezimwa, kosa ni la simu, kwa sababu mtandao haumo tena kwenye hesabu.

Nne, washa hotspot kwenye simu yako na uombe mwenzako ajiunge nayo. Afungue tovuti ile ile iliyokugomea. Kwake ikifunguka vizuri, mtandao na bando lako ni vizima na shida iko kwenye simu yako. Kwake nako ikigoma, shida ni mtandao au tovuti.

Ikiwa shida ni simu

Anza na kurasa ulizoacha wazi. Juu ya Chrome kuna kisanduku chenye namba, ambayo ni idadi ya vichupo, yaani kurasa ulizofungua bila kuzifunga. Watu wengi hawajawahi kukigusa. Zikizidi 99, Chrome huacha kuhesabu na kuweka alama ya uso unaocheka. Funga zote usizozihitaji.

Kisha angalia ghala. Hifadhi ikijaa pomoni, kivinjari kinakosa mahali pa kuweka vitu vyake vya muda na simu nzima inazubaa. Mara nyingi kinachojaza ni video na picha za makundi ya WhatsApp. Futa usizozihitaji na uzuie zisijipakue zenyewe. Jitahidi ibaki angalau GB 1 au 2 iliyo wazi.

Zima na uwashe simu. Ushauri huu huonekana wa kitoto, lakini unasafisha RAM yote kwa mara moja. Fanya hivyo kabla ya kazi muhimu.

Kuhusu kufuta kache, yaani akiba ya muda ya kivinjari, kuwa na kiasi. Ifute kama hifadhi imejaa au kama tovuti moja inaonyesha mambo ya zamani. Usiifute kila siku kwa kudhani unaipa simu kasi. Akiba hiyo hutunza picha na mafaili ya tovuti unazozitembelea ili yasipakuliwe tena. Ukiifuta kila siku, unalipia vitu vile vile kila siku. Na ukifuta, soma vizuri unachokitia alama, usije ukafuta pamoja na nywila ulizohifadhi.

Jihadhari na programu zinazojisifu kwamba zinaongeza kasi au kusafisha RAM. Nyingi zinakaa zenyewe kwenye RAM hiyo hiyo, zinaonyesha matangazo, na zinafunga programu ambazo Android itazifungua tena baada ya muda mfupi.

Ikiwa shida ni mtandao au ukurasa mzito

Kivinjari chepesi kinaweza kusaidia sana. Opera Mini, iliyosambazwa duniani kote mwaka 2006, ilibuniwa kwa ajili ya hali kama yetu. Ukichagua hali yake ya kubana data kwa kiwango cha juu, ukurasa hupakuliwa kwanza na seva za Opera, hubanwa, kisha hutumwa kwako ukiwa mdogo. Simu inafanya kazi kidogo na bando linadumu.

Lakini hali hiyo ina mipaka miwili. Kwa kuwa kazi ya JavaScript inafanyika zaidi kwenye seva ya mbali, fomu nyingi na vitufe vya kupakia vyeti hugoma. Pia mawasiliano yako hupita yakiwa yamefunguliwa kwenye seva hizo katikati ya safari. Kwa habari na michezo haina shida. Kwa benki, malipo na fomu zenye taarifa zako binafsi, zima ubanaji huo au tumia kivinjari kingine. Chrome nayo ilikuwa na hali yake ya kubana data, lakini Google iliiondoa Machi 2022, kwa hiyo usihangaike kuitafuta kwenye mipangilio.

Usiwashe chaguo la kuonyesha tovuti kama kwenye kompyuta kama huna sababu. Tovuti nyingi huleta ukurasa mzito zaidi ukiomba hivyo.

Majina ya walioitwa kwenye usaili au waliochaguliwa kujiunga na shule mara nyingi hutolewa kama faili la PDF. Likiwa limetokana na karatasi iliyopigwa picha, huwa zito. Hakuna sababu ya watu ishirini wa kitongoji kimoja kulipakua mara ishirini. Mmoja akilipata, wengine wanaweza kulipokea kwa Bluetooth au Quick Share bila kutumia MB hata moja.

Ukijaza fomu ambayo huwezi kuikosa

Maombi ya mkopo wa elimu ya juu kupitia Bodi ya Mikopo, HESLB, ni mfano unaofaa kwa sababu yana hatua nyingi. Mwombaji anatakiwa kuwa na namba yake ya mtihani wa kidato cha nne, cheti cha kuzaliwa kilichohakikiwa na RITA, ada ya maombi ya Sh 30,000 na viambatisho kadhaa. Kila safari ya kutoka kwenye kivinjari kwenda kutafuta kimojawapo ni hatari ya kupoteza ulichojaza.

Kwa hiyo andaa kila kitu kabla hujafungua ukurasa wa kwanza. Andika namba zote kwenye karatasi. Maelezo marefu yaandike kwanza kwenye programu ya kumbukumbu za maandishi, kisha uyanakili. Piga picha za vyeti mapema na uzipunguze ukubwa. Picha moja ya kamera ya simu inaweza kuwa na MB 3 au zaidi, na mifumo mingi ya maombi huweka kikomo cha ukubwa wa faili.

Zima na uwashe simu, kisha ufungue kivinjari peke yake. Kama kuna ujumbe wenye namba ya siri au namba ya malipo utakaotumwa, ni vizuri laini hiyo iwe kwenye simu nyingine, hata kitochi, ili usome bila kutoka kwenye fomu. Kama huna, usubiri utokee kwa juu ya kioo na usome hapo hapo bila kuufungua. Kila ukurasa wenye kitufe cha kuhifadhi, kibonyeze kabla ya kusonga mbele. Ukipewa namba ya malipo au uthibitisho, piga picha ya kioo mara moja.

Simu yako ikiwa ni ya GB 1 au 2 na fomu ni ndefu, kwenda steshenari kwenye kompyuta ni uamuzi wa busara. Fanya maandalizi nyumbani ili muda wa kulipia uwe mfupi, chapa nywila kwa mkono wako mwenyewe, na uhakikishe umetoka kwenye akaunti kabla hujainuka kwenye kiti. Muhimu zaidi, usisubiri siku ya mwisho. Siku hiyo seva ina foleni, mnara una foleni, na steshenari ina foleni.

Huduma nyingine hazihitaji kivinjari kabisa

Zipo huduma za serikali zinazopatikana kwa kubonyeza *152*00# kwenye simu yoyote, hata ya tochi, bila intaneti. Menyu hiyo ina sehemu ya elimu, ambamo matokeo ya NECTA yanaweza kuombwa, pamoja na huduma nyingine. Kunaweza kuwa na makato madogo kwenye salio la kawaida. Kwa mtu aliye mahali penye 2G tu, njia hii inaweza kuwa ya haraka kuliko tovuti yoyote.

Wajibu wa wenye tovuti

Mwananchi anaweza kufunga vichupo vyake na kupanda kilima, lakini uzito wa ukurasa unaamuliwa na aliyeutengeneza. Ofisi, shule, vyama vya ushirika na vyombo vya habari, sisi tukiwemo, tunapoweka tangazo kama picha ya karatasi badala ya maandishi, tunamtoza msomaji MB kwa maneno ambayo yangemfikia kwa KB chache. Fomu isiyohifadhi kilichojazwa kila hatua humwadhibu mwenye simu ndogo, ambaye ndiye mara nyingi anayeihitaji huduma hiyo zaidi.

Kipimo kizuri kwa mtengenezaji ni rahisi. Aichukue tovuti yake aifungue kwenye simu ya GB 1, akiwa bondeni, juu yake imeandikwa E. Akishindwa kusubiri hapo, wananchi nao watashindwa.